Kiapo cha Senga

Senga alianza kila kitabu kutoka nyuma. Ukimpa kitabu chochote, hata kile chenye picha za ng'ombe alichokuwa akigawa bwana mifugo, alikipindua kwanza, akaweka kidole kwenye jalada la mwisho, kisha ndipo akasema "Bismillahi". Akikuta kurasa za mwisho ni tupu alimsikitikia mwandishi. "Huyu mutu maneno imemwishia mapema," alisema, akakirudisha kwa heshima. Vitabu alivyovijua yeye vilianzia kulia, na hakuona kwa nini vingine viwe na adabu tofauti.

Senga kwetu ni shangazi, dada wa baba. Jina lake sitalitaja, na wala watu wa Bwera, mji wetu wa mpakani, hawakulitaja. Madereva wa malori walimwita Senga, akina mama wa Kikonzo waliomletea mihogo na ndizi walimwita Senga, na Wakongo waliovuka mpaka siku ya soko walimwita hivyo hivyo bila kujua maana yake. Mimi niliyekuwa mtoto wa kaka yake hasa niliona wananiibia. Nilikuwa na wivu sana juu ya neno hilo.

Hoteli yake ilikuwa pale malori yaliposimama, kabla barabara haijateremka kwenda Mpondwe. Nasema hoteli, lakini lilikuwa banda la bati lenye meza mbili ndefu na moshi wa kutosha kijiji kizima. Alipika chai ya maziwa, maharage na mihogo, na siku ya soko wali na samaki wa ziwani. Ilikuwa miaka ya hamsini, Kasese bado inachipuka, watu wakizungumzia reli itakayofika kana kwamba ni harusi ambayo kila mmoja ameshaalikwa. Kila mwenye gari alipita kwa Senga. Baba alikuwa na lori lililobeba chumvi, kahawa na samaki kati ya Bwera na Kasese, naye pia alikula hapo na kusubiri zamu yake, maana Senga hakupendelea ndugu.

Hakukosa sala hata moja. Baina ya sala na sala alikuwa na ulimi ambao hata madereva, watu waliozoea matope na pancha, waliuogopa. Siku moja dereva wa Kikongo alilalamika kwamba chai haina sukari.

"Sukari iko," Senga alimjibu. "Iko chini. Koroga. Ama mama yako ndiyo alikuwa anakukorogea?"

Yule bwana akakoroga, akanywa, akaomba kikombe cha pili.

Alikuwa mtu wa kujipinga mwenyewe mchana kutwa. Alisema mwanamke mwema sauti yake haivuki uzio, na maneno hayo aliyasema kwa sauti iliyomfikia fundi baiskeli ng'ambo ya barabara. Siku ya Krismasi alifunga hoteli kwa heshima ya wateja wake Wakristo, halafu akanung'unika mpaka jioni kwamba hakuna biashara. Aliolewa mara mbili na mara mbili akarudi, kila mara masufuria yake yakiwa kichwani. Ukimuuliza juu ya waume wale, hakuwasema vibaya hata kidogo. "Wanaume beko wazuri," alisema. "Kukaa nao tu ndiyo iko ngumu."

Mimi nilimpenda mtu huyu kuliko nilivyompenda mtu mwingine yeyote, na nadhani mama yangu alijua, akanisamehe.

Nyumbani tulikuwa na Bibi, mama yao Senga na Baba. Babu alikuwa ameshafariki. Alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na aliwasomesha binti zake sawasawa na wanawe: msahafu, maulidi, na hata hadithi za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Jioni, baada ya magharibi, Bibi na Senga waliketi barazani wakisoma kwa kupokezana, na watu waliopita njiani walipunguza mwendo. Senga alikuwa na sauti ya kusomea ambayo sijui aliificha wapi mchana. Ilikuwa laini kabisa.

Lakini kuandika hawakufundishwa. Ndivyo ilivyokuwa kwetu, na si kwetu peke yetu. Babu alisema kusoma ni ibada, bali kalamu ni mlango, na mwanamke akiwa na mlango wake mwenyewe atatoka usimwone, atawaandikia wanaume. Basi wavulana walipewa kalamu ya tete na wino wa masizi, na wasichana wakapewa mkeka wa sala na kitabu tu. Bibi alimwahidi marehemu mumewe kwamba sheria hiyo haitavunjwa nyumbani mwake, na Bibi alikuwa mtu wa ahadi. Herufi za Kizungu hakuna mwanamke wa kwetu aliyezijua, wala za kusoma wala za kuandika.

Senga alifundisha wasichana wa mtaani kusoma, nyuma ya hoteli, kabla chakula hakijaiva. Mimi nilikuwa mmoja wao. Tulikaa karibu na mafiga, na mkono wa mtoto hauwezi kukaa bure penye majivu. Kila tulipochora herufi kwa kidole, Senga alikuja akaifuta kwa mguu. "Jivu iko ya kusugua sufuria," alisema. Lakini niliona jambo ambalo wenzangu hawakuliona: hakufuta mara moja. Alisimama kwanza, akasoma.

Kitu alichoruhusiwa kilikuwa sindano. Senga alitarizi vitambaa vya meza, mito na mapazia madogo ya vichwa vya malori, na watu walitoka mpaka Karusandara kuja kuagiza. Fundi cherehani alimchorea maneno kwa chaki ya kushonea, Safari Njema au Karibu Mgeni, naye akayapitia kwa uzi, herufi baada ya herufi, bila kujua yanasema nini. Bibi hakuwa na raha na jambo hili. Aliwaza sana, mwisho akamwuliza shehe kama sindano ni kalamu. Shehe alifikiri, akasema sindano ni sindano. Tangu siku hiyo Senga alimtumia shehe samaki kila Ijumaa.

Siku moja fundi cherehani alisafiri, na kulikuwa na kitambaa cha bibi harusi kinachotakiwa upesi. Senga akatafuta mwenyewe maneno mazuri. Aliyapata kwenye sanduku la sabuni, herufi nene, zenye mikia. Akayanakili kwa uzi mwekundu na kijani, akazungushia maua, na kitambaa kikaenda kutandikwa mbele ya wageni wote. Wengi hawakujua kusoma, na wachache waliojua walikuwa na adabu. Ni mimi niliyekuja kukiona miaka kadhaa baadaye, nikiwa nimeshaanza shule, katika nyumba ya mwanamke yule aliyekuwa sasa mama wa watoto. Kilisema: WEKA MAHALI PAKAVU.

Nilihangaika kama nimwambie au nisimwambie. Mwisho nilimwambia, polepole, nikiwa tayari kukimbia. Senga alicheka mpaka akashika nguzo.

"Basi ilikuwa dua," alisema akijifuta machozi. "Nyumba yake imewahi kuvuja? Haijavuja. Acha hivyo."

Usiku, hata hivyo, kicheko kilikuwa kimekwisha. Aliniuliza mara moja tu, "Na zile zingine zote? Zinasema vile fundi aliniambia?" Nikamwambia ndiyo, nimezisoma zote. Akashusha pumzi.

Sasa niseme namna nilivyofika shule, maana hapo ndipo Senga alipofanya jambo ambalo mpaka leo likinijia nikiwa peke yangu huwa nasimama kidogo.

Mke wa chifu wa gombolola, yaani tarafa yetu, mama Mkristo mpole, alianzisha darasa la akina mama katika ghala la kahawa lililokuwa tupu msimu ule. Walifundishwa kushona, kulea watoto, na kuandika. Senga alimwambia Bibi anakwenda kwa ajili ya kushona. Haukuwa uongo, maana alikwenda na sindano. Nami nilimfuata nikiwa nimembebea kikapu cha uzi.

Mke wa chifu aliandika ubaoni: Mama anapika. Akawaita mmoja mmoja wanakili chini yake. Senga alipoitwa aliishika ile chaki kwa vidole vitatu, kama mtu anayeshika yai la moto. Kisha akaenda mwisho kabisa wa ubao, upande wa kulia, akaanza na ile a ya mwisho. Akaiandika, akasogea kushoto, akaandika k.

Wanawake wakaanza kucheka. Mmoja alisema kwa sauti kwamba Senga anatembea kinyumenyume kama kaa. Mke wa chifu akataka kumzuia, akaacha. Senga hakugeuka. Alikuwa akinakili maumbo kama anavyonakili kwa uzi, na mtu anayetarizi hajali aanzie wapi, mradi kila kitu kikae mahali pake. Aliendelea kusogea, herufi moja, nyingine, na alipoiweka ile M ya kwanza mwisho wa safari yake, cheko lilikuwa limekufa. Ubaoni palikuwa na sentensi nzima, imenyooka, nzuri kuliko ya mwalimu.

"Lakini umeanzia mwisho, Senga," alisema mke wa chifu.

"Nimefika, ama sijafika?"

Tulirudi nyumbani kwa njia ndefu. Mkono wa kulia aliuweka mbali na nguo ili chaki isifutike, na mtoni hakunawa. Alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake, furaha ya mtoto wa rika langu.

Bibi alikuwa barazani. Aliona vidole.

"Ile iko unga?" aliuliza.

Senga angeweza kusema ndiyo. Alikuwa mpishi, nani angemshangaa? "Hapana, Mama," alisema. "Iko chaki."

Bibi alimwita Baba, na siku ya pili tuliketi wote chumbani kwake. Nilitegemea hasira. Bibi alilia, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema yeye hana chuki na kalamu. Alisema alimshika mkono mumewe siku ya mwisho na kumwambia mambo ya nyumba yako nitayatunza, na sasa binti mkubwa, anayefundisha watoto wa watu, ndiye anayeyavunja, tena mbele ya akina mama wa Bwera nzima. "Nitamwambia nini baba yako nikifika?" aliuliza. Baba aliangalia mkeka. Kusema kweli, Baba aliweza kuendesha lori kwenye tope la Mubuku usiku wa mvua, lakini mbele ya mama yake na dada yake hakuwa na gia hata moja.

Senga alisikiliza yote. Nilikuwa sijawahi kumwona akisikiliza muda mrefu vile.

"Mama," alisema, "mimi nitaweka chini. Sitashika kalamu, sitashika chaki, wakati wewe iko hai. Naapa. Lakini huyu mutoto aende shule aandike."

Alinionyesha mimi. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango, nikidhani mambo hayanihusu.

"Marehemu alisema binti zake," Senga aliendelea. "Huyu si binti yake, huyu ni mujukuu. Mimi naacha, yeye anashika. Kubali hiyo, Mama, mimi sitakuomba ingine maisha yangu yote."

"Na akiwaandikia wanaume?"

"Basi wataona mwandiko muzuri."

Baba alikohoa, akainama zaidi. Bibi alinitazama kwa muda mrefu, mimi na magoti yangu yenye vumbi, kana kwamba ndiyo kwanza ananiona. Kisha akaagiza msahafu, Senga akauwekea mkono, akaapa kwa maneno yaleyale. Ikaisha hivyo. Niliruka juu kwa furaha, na Senga akanikemea nitavunja birika. Nilikuwa mdogo. Nilisikia tu kwamba nakwenda shule, na sikusikia kabisa nusu ya pili.

Karibu nasi hapakuwa na shule ya wasichana wa Kiislamu. Ile iliyokuwepo ilikuwa ya misheni, juu milimani, Bugoye, na ilikuwa na desturi yake: mtoto akiandikishwa alipewa jina la Kikristo. Baba alilijua hilo, akapoa. Senga akavaa gomesi yake ya Idi, akapanda lori, akaniketisha katikati, tukaenda.

Mwalimu mkuu alikuwa mama mwembamba wa miwani, mwenye sauti ya chini. Alitukaribisha vizuri, akauliza jina langu, Senga akalitaja. Mwalimu mkuu akasema hapa tutampa jina jingine, rahisi, la shuleni tu.

"Nnyabo," Senga alimwita kwa heshima, kwa upole ambao ulinishangaza, "huyu mutoto tulimpa jina siku ya saba. Tulichinja mbuzi. Ile mbuzi watu walikula, walishiba, wakaenda. Sasa tukibadilisha jina, mbuzi tutaitoa wapi turudishe kwa watu?"

Yule mama alivua miwani akaifuta. Nadhani alikuwa anatafuta mahali pa kuficha uso. Alisema hajawahi kulifikiria jambo hilo kwa upande wa mbuzi. Akaandika jina langu kama lilivyo, na miaka yote niliyokaa pale hakuna aliyeligusa. Tulipotoka nje Senga alimtuma Baba arudi ndani na kikapu cha samaki. "Huyu mama iko mutu," alisema. "Kanisa yake si neno."

Kila lori la Baba lilipopanda kuelekea Bugoye, Senga alikuja nalo. Alileta mandazi, samaki mkavu na habari za Bwera: nani ameolewa, nani ameachwa, na nani anadai ameliona gari moshi kwa macho yake. Alinitaka nisome kwa sauti, chochote, hata maneno ya ukutani. Lakini nilipotoa kalamu alitazama milima.

"Usiandike mbele yangu," aliniambia siku moja. "Unapika mbele ya mutu anafunga."

Hapo ndipo nilipoisikia ile nusu ya pili. Nililia usiku kucha. Likizo ilipofika nilikuwa na shauri, na nilijivunia shauri langu. Nilijua, maana yeye mwenyewe alitufundisha nyuma ya hoteli, kwamba mtu akivunja kiapo ana njia ya kujikomboa: analisha maskini kumi. Kafara. Nilimwambia Senga jikoni, huku akichambua mchele.

"Kumi?" alisema. "Mimi nalisha kumi kabla jua haijawa kali, na nusu yao hawalipi. Kama ni tumbo ya maskini, Bwera haikosi." Akapepeta. "Kiapo unavunja kama uliapia upuuzi. Mimi niliapa mbele ya Mama, na Mama iko hai. Na mimi nataka awe hai. Unaelewa? Nataka."

Nilielewa. Bwera yote ilijua habari ya kiapo, na penye watu hapakosi maneno. Bibi alikuwa akizeeka. Macho yalikuwa yanamwacha, na jioni sasa Senga alisoma peke yake, Bibi akifuata kwa midomo. Senga ndiye aliyempikia uji, aliyemkanda miguu, aliyekimbia na dawa ya kifua akimsikia anakohoa. Watu walitazama, wakasema kwa kicheko kwamba hakuna aliyewahi kumwuguza kwa bidii namna hiyo mtu ambaye kifo chake ndio ufunguo wake. Maneno haya yalimfikia Senga, kama yanavyofika yote mahali panapouzwa chai. Hakumtukana mtu. Aliongeza tu sukari kwenye uji wa Bibi.

Reli ilifika Kasese, watu wakaenda kuitazama, wakarudi na masizi usoni. Mimi nilimaliza shule ya Bugoye, nikapelekwa kusomea ualimu. Huko niliandika barua nyumbani kila nilipopata nafasi, kwa Baba, naye akawasomea. Senga alinijibu kwa midomo ya madereva. Salamu zake zilinifikia zikiwa zimechakaa njiani, wakati mwingine zimegeuka kabisa, lakini kila dereva, hata awe mkorofi vipi, alimalizia kwa maneno yaleyale: Senga anasema uendelee.

Nilipokaribia kumaliza ualimu, jumuiya ya msikiti wa Bwera ilijenga shule ndogo ya madarasa mawili kando ya msikiti, wasichana na wavulana pamoja, na mimi nikatumwa kufundisha hapo. Nilikuwa mwalimu wa kike wa kwanza wa pale. Asubuhi watoto, na baada ya sala ya alasiri, akina mama. Shehe ndiye aliyetaka hilo darasa la akina mama. Alikuwa mzee sasa, na nadhani wale samaki wa Ijumaa walikuwa wamefanya kazi yao taratibu.

Nilifika kwa lori la Baba mchana, nikaenda kwanza kumwamkia Bibi. Nilimkuta barazani, mdogo kuliko nilivyomwacha, akijipepea. Uani kulikuwa na masufuria makubwa yakisuguliwa.

"Kulikuwa na sherehe, Bibi?"

"Jana tulilisha maskini," alisema. "Kumi. Walikuja ishirini. Senga yako hajui kufukuza mutu." Akanipapasa uso kwa vidole, kama alivyozoea tangu macho yalipofifia. "Nilimwita, nikamwambia, wewe unanichosha. Kila asubuhi uji, kila jioni mafuta ya miguu. Watu wanasema unasubiri nife. Mimi najua husubiri, mimi nilikuzaa. Lakini mimi ndiyo nimechoka kukaa mbele yako kama ukuta. Lisha watu kumi, uende ukaandike. Na mimi uniache niishi."

Nilimwuliza tu, kwa sababu nilikuwa mjinga na nimefurahi, "Na Babu?"

"Babu yako nitamwambia mwenyewe nikifika," alisema Bibi. "Nilikaa naye sana. Najua pa kuanzia."

Nilikwenda shuleni kabla ya wakati, nikafuta ubao uliokuwa hauna kitu, nikazunguka uwanja, nikasubiri alasiri isaliwe. Nilikuwa na hofu kuliko siku ya mtihani.

Kwetu msichana hamwamkii mkubwa wake akiwa amesimama. Anapiga magoti, hata awe na mzigo, hata pawe na tope, na ndivyo nilivyomwamkia Senga maisha yangu yote, jikoni, barabarani, kwenye uwanja wa shule Bugoye mbele ya wenzangu. Na darasani, mwalimu akiingia, wanafunzi husimama. Nilizijua adabu hizi mbili kila moja mahali pake.

Niliingia. Akina mama walikuwa wamejaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kifuani. Senga alikuwa wa mbele, katika gomesi mpya, mikono yake mikubwa imelala juu ya dawati, mitupu. Waliponiona wote wakasimama. Naye akasimama, polepole, kwa sababu dawati lilimbana.

Magoti yangu yalikunjika bila kuniuliza. Nilikuwa chini, sanduku la chaki mkononi, nikisema "Asalaam aleikum, Senga," na sauti ilikuwa ya mtoto. Mama mmoja nyuma akacheka, akanyamaza. Nilitaka kulia na nilijua nitalia.

Senga alinitazama kutoka juu.

"Simama, Mwalimu," alisema. "Nyumbani utapiga magoti mpaka uchoke. Hapa ni sisi tunasimama."

Sikuweza. Akainama kidogo, akapunguza sauti, ile sauti yake ya kusomea.

"Simama, mama yangu. Mimi nimengoja sana."

Nilisimama. Nilifuta uso kwa kiganja, nikaenda mbele ya ubao, nikawageukia, nikasema neno la kwanza la kazi yangu.

"Ketini."

Na Senga, ambaye Bwera nzima hakuna dereva wala mume aliyewahi kumwambia keti, akawa wa kwanza kuketi.